Begi la mgongoni kwa mpanda baskeli wa Visiwani: jasho kwanza, mvua baadaye

Mwambie muuza mabegi wa Darajani akuchagulie begi la kupandia baskeli, na atakushushia lile lililotundikwa juu kabisa, atalipiga makofi mawili matatu, kisha akuhakikishie kwamba halipitishi maji. Huenda anasema kweli. Lakini ushahidi wote anaokuonesha uko upande wa nje, ilhali begi la mgongoni katika visiwa hivi huharibika, na huharibu vilivyomo, aghalabu kuanzia upande unaogusa mwili. Mvua ya masika ina miezi yake, Machi mpaka Mei, na vuli nayo ina ya kwake. Jasho halina msimu.

Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu mabegi haya umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaopanda baskeli wamevaa koti, na hofu yao kubwa ni maji ya kutoka juu. Anayetoka Fuoni asubuhi ya Februari kwenda kazini Vuga ana hesabu nyengine. Jasho hupoza mwili pale tu linapogeuka mvuke na kwenda zake. Kila gramu moja inayokauka huondoka na karibu jouli 2,400 za joto. Hewa ya pwani ikiwa tayari imebeba unyevu wake, kukauka huko kunakuwa kwa taabu. Kifuani angalau kuna upepo wa mwendo. Mgongoni begi limeuziba upepo, kwa hiyo jasho hutoka, halipozi kitu, linachuruzika tu na kutafuta pa kuingia.

Basi kabla ya kuuliza begi gani, uliza kwanza mzigo wenyewe unataka kukaa wapi. Watu wa Unguja na Pemba wamebeba vitu kwa baskeli miaka na miaka bila kuvipandisha mgongoni. Mchuuzi wa samaki hufunga kapu lake kwenye keria, muuza boflo ana sanduku lake, mwenye ndizi hukaza mikungu kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu na kuondoka nayo mpaka sokoni. Wana haki. Mzigo wa keria hauulemei uti wa mgongo, hauongezi uzito kwenye makalio na viganja, na kwa kuwa uko chini kuliko mabega, hauifanyi baskeli iyumbe unapokata kona. Phoenix ya wima ina keria yake ya chuma, na nyingi za mitumba kutoka Japani zina kikapu mbele na keria nyuma. Zinazokosa ni zile za milimani na za mashindano, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu nyengine.

Lakini keria haina springi. Barabara kuu zina lami, ila nyumba ya mtu haiko barabara kuu. Kipande cha mwisho ni njia ya ndani, yenye mashimo na mawe ya matumbawe yaliyochomoza. Kila tairi la nyuma linaposhuka shimoni, kilichofungwa kwenye keria hupigwa moja kwa moja. Kilicho mgongoni kinalindwa na magoti, viwiko na kiuno chako, ambavyo hunyumbuka bila hata kuviamuru. Kompyuta ya mkononi haipendi keria. Tena kuna safari ambazo baskeli ni nusu yake tu: unaiacha Darajani na kuingia vichochoro vya Mji Mkongwe kwa miguu, au unaifunga bandarini na kupanda boti ya Pemba. Hapo kinachokwenda na wewe ni kile kilicho mabegani.

Kwa hiyo mimi ni muumini wa kugawa. Chakula cha mchana, chupa ya maji, kufuli, pampu na nguo za kubadilisha viende kwenye keria, hata ndani ya kikapu cha ukili kilichofungwa kwa mpira. Mgongoni ibaki kompyuta, karatasi, simu na vile usivyotaka vitikiswe wala kuachwa. Ukishagawa hivyo, utagundua kwamba begi lenyewe halihitaji kuwa kubwa.

Ukubwa wa mabegi hupimwa kwa lita. Lita 15 mpaka 20 zinamtosha mtu wa afisi au mwanafunzi wa chuo; anayebeba kila kitu mgongoni kwa kukosa keria atahitaji 25. Zaidi ya hapo unanunua nafasi ya kujaza vitu usivyovihitaji, na nafasi haikai tupu. Kwa upande wa uzito, mpaka wangu ni kilo tano hivi. Na usiiamini lebo ya inchi: inchi 15.6 ni kipimo cha kioo kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, si cha mwili wa kompyuta, ambao kwa kawaida unakaribia sentimita 36 kwa 25. Nenda na futi.

Sasa turudi mgongoni, maana ndipo penye kesi yenyewe.

Mabegi mengi yana mojawapo ya migongo mitatu. Wa kwanza ni bapa, kitambaa na sponji nyembamba, kama begi la skuli. Huu hulala juu ya shati na kuloa wote. Wa pili una mito miwili au mitatu ya sponji nene iliyofunikwa wavu, na kati yake mfereji unaopanda juu. Mfereji huo una kazi pale tu unapokuwa na kina. Weka vidole viwili ndani yake, vikizama mpaka nusu ya ukucha tu, ni mapambo. Wa tatu una fremu iliyopinda na wavu uliokazwa mbele yake kama kitanda cha kamba, hivi kwamba begi lenyewe haligusi mwili kabisa. Kwa jasho, huu wa tatu hauna mpinzani. Ila una gharama zake: unasogeza mzigo mbali na mgongo, kwa hiyo kilo tatu huvuta mabega kana kwamba ni nne, na ule mpindo hula nafasi ya kompyuta, ambayo haipindi. Kwa safari za kutwa ndani ya mji mimi ningechukua wa pili wenye mfereji wa kweli. Anayekwenda mbali, tuseme kutoka mjini mpaka kampasi ya chuo kikuu cha SUZA kule Tunguu, asiudharau wa tatu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi. Watengenezaji huweka mfuko wa kompyuta ukutani mwa mgongo, na wana sababu nzuri, kwani kitu kizito kikikaa karibu na uti wa mgongo hubebeka vizuri. Lakini ukuta huo huo ndio ulioshonwa kwa wavu na sponji, vitu vinavyopitisha maji kwa furaha, huku kitambaa kisichopitisha maji kikiwekwa mbele, pembeni na chini. Maana yake ni kwamba begi linaloweza kuhimili mvua ya nusu saa linaweza kuilowesha kompyuta siku ya jua kali, kwa maji ya chumvi yanayotoka kwako mwenyewe. Kwa hiyo ingiza mkono kwenye mfuko wa kompyuta, upande wa mgongoni, na uhisi kilichopo kati ya kiganja chako na sponji. Ukihisi kitambaa laini chenye utando wa mpira au plastiki, sawa. Ukihisi bitana jepesi linalopumua kama la koti, kompyuta itahitaji kifuko chake chenyewe kisichopitisha maji.

Usiutoe mkono bado. Sukuma vidole mpaka chini kabisa ya mfuko huo. Ukigusa sakafu ya begi, weka chini, tafuta jengine. Kila utakapolitua begi sakafuni kompyuta itatua kwa pembe yake. Mfuko mzuri huishia vidole viwili au vitatu juu ya sakafu, unaning'inia.

Na rangi. Begi jeusi au la buluu iliyoiva, la bei ya chini, huchuja likikutana na jasho. Ijumaa umevaa kanzu nyeupe, au mtoto amevaa shati jeupe la skuli, na mgongoni panabaki michirizi isiyotoka kwa sabuni wala kwa jua. Kulijaribu ni rahisi: chukua kitambaa cheupe au karatasi ya chooni, iloweshe maji yenye chumvi kidogo, sugua upande wa mgongoni na ndani ya mikanda ya mabega. Muuzaji atakuangalia. Mwache aangalie.

Mikanda yenyewe haihitaji maneno mengi, isipokuwa kwamba haijaribiwi umesimama wima. Jaza begi kitu kizito, hata vitabu vya dukani, livae, kisha inama kama uliyeshika usukani na ugeuze shingo kutazama nyuma kulia, upande ambao gari zitakupita. Begi lisikugonge kisogo wala lisiisukume helmeti ikakufunika macho. Kwa wanaovaa baibui, kitambaa chake huteleza na mikanda hushuka mabegani kila baada ya mita mia, kwa hiyo ule mkanda mwembamba wa kifuani unaoiunganisha mikanda hiyo miwili ni wa lazima. Tazama kama unaweza kupandishwa na kushushwa, maana ulioshonwa pahala pamoja mara nyingi hukaa pabaya kwa mwanamke. Mkanda wa kiunoni kwa Unguja, penye tambarare, wengi hawauhitaji. Pemba ni habari nyengine. Ukitoka Chake Chake kwenda Wete, vilima havikuishi, na kila ukisimama juu ya pedeli begi linayumba kulia na kushoto kinyume na wewe. Huko kiunoni pafungwe.

Kitambaa huuzwa kwa namba: 420D, 600D, 1000D. Hiyo D ni denia, uzito kwa gramu wa uzi huo ukiwa na urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda uzi ni mnene, lakini unene si uimara peke yake. Nailoni ya 420D inaweza kuhimili msuguano kuliko polista ya 600D, ambayo ndiyo imejaa kwenye mabegi ya skuli. Polista nayo ina sifa yake: hustahimili jua kuliko nailoni, na hunywa maji machache. Kwa begi linaloanikwa juani nje ya afisi kutwa, hilo si dogo.

Ila kitambaa chochote cha kufumwa kina matundu. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa kwa ndani, na katika mabegi mengi utando huo ni poliyurethani, aina ya plastiki. Hapa ndipo hali ya hewa yetu inapofanya kazi yake ya kimyakimya. Joto na unyevu vikikaa pamoja muda mrefu, molekuli za maji hukata minyororo ya poliyurethani kidogo kidogo. Utando huanza kunata, halafu hutoa harufu kama ya matapishi ya mtoto, halafu hubanduka vipande vidogo vyeupe vinavyojaa kwenye madaftari. Begi halijatumika vibaya. Limezeeka kwa kemia, hata likiwa ndani ya kabati. Utando mnene hudumu kuliko mwembamba, na zipo aina za poliyurethani zilizoundwa kwa msingi wa polieta ambazo huvumilia unyevu zaidi, ingawa lebo ni nadra kusema.

Hili ni muhimu mno kwa wanunuzi wa mitumba. Begi la mtumba kutoka Ulaya au Japani linaweza kuwa na kitambaa bora kuliko lolote jipya la bei hiyo, zipu nzima, mishono ya kuvutia, na utando uliokwisha kufa. Limekaa miaka kwenye stoo, kisha wiki kadhaa ndani ya kontena la moto. Ligeuze ndani nje. Kandamiza kidole gumba kwenye kitambaa, hesabu mpaka tano, kisha kibandue: kikinata, kwaheri. Sugua kwa ukucha uone kama unatoa unga. Halafu nusa pembe za chini, pale ambapo vumbi na unyevu hukutana, kwa sababu ukungu wa kitambaa haufichiki kwa manukato. Begi lililofaulu mitihani hiyo mitatu linunue hata kama rangi yake si ya kupendeza.

Kuhusu mvua yenyewe, tofautisha begi linalostahimili maji na lisilopitisha maji. La kwanza lina kitambaa kizuri lakini lina mishono, na kila tundu la sindano ni mlango. Litakufikisha Kiembe Samaki katika manyunyu, halitakufikisha katika mvua ya Aprili. La pili huunganishwa kwa joto badala ya uzi, au mishono yake hufunikwa kwa utepe kwa ndani, na mdomo wake hukunjwa mara tatu na kufungwa badala ya kutegemea zipu. Ukiona alama IPX4, maana yake limepimwa kwa maji ya kurushwa kutoka kila upande. IPX7 ni kuzamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30, jambo ambalo hulihitaji labda uwe unavuka kwa ngalawa. Kasoro ya begi lililozibwa hivyo ni kwamba haliruhusu unyevu kutoka pia. Ukitia nguo zenye jasho asubuhi, jioni utazikuta zimeanza kuota ukungu.

Njia ya kati ni begi la kawaida lenye kifuniko cha kuvalisha. Kinafaa, mradi utambue kwamba hakifuniki upande wa mgongoni, na maji yanayotiririka shingoni hushukia huko huko. Wengine walizoea kufunga kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo Zanzibar ilipigwa marufuku hata kabla ya Bara kuipiga marufuku Juni 2019. Mfuko mzito wa kukunja mdomo, wa aina wanayotumia watu wa mashua na wazamiaji, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na hudumu.

Tukiwa kwenye maji ya chumvi, tazama zipu. Namba zilizoandikwa nyuma ya kichwa chake, 5, 8 au 10, zinakaribia upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa. Mdomo mkuu wa begi usiwe chini ya 8. YKK, kampuni iliyoanzishwa Japani mwaka 1934 na Tadao Yoshida, ndiyo jina linaloaminika, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo jina linaloigizwa. Zipu isihukumiwe kwa maandishi bali kwa kuvutwa kwenye kona mara kumi. Chagua meno ya nailoni au plastiki, si ya chuma. Kichwa aghalabu ni aloi ya zinki, na ukiona unga mweupe juu yake ujue chumvi imeanza kula. Habari njema ni kwamba kichwa ndicho hufa kabla ya meno, na fundi wa mabegi anaweza kukibadilisha ukiwa umesimama hapo hapo.

Usiku hauhitaji hoja ndefu. Begi huziba taa iliyofungwa chini ya kiti na hufunika shati lako jeupe, kwa hiyo liwe na utepe unaoakisi mwanga na kitanzi cha kutundikia taa ya nyuma. Madereva wa kutosha wa daladala hawakuoni hata mchana.

Matunzo ni maji baridi tu, angalau mara moja kwa wiki katika kaskazi: suuza mikanda na upande wa mgongoni kutoa chumvi, fungua zipu zote, anika kivulini penye upepo. Usilitie kwenye mashine ya kufulia, huko utando hubanduka kabla ya siku zake. Na wakati wa masika lisifungiwe kabatini, litundike.

Kwa wasioridhika na kilichopo sokoni, kuna njia ambayo nashangaa haijazoeleka hapa. Mwaka 1993 ndugu wawili wa Zürich, Markus na Daniel Freitag, walianza kushona mabegi ya wapanda baskeli kwa maturubai ya malori yaliyochakaa, mikanda ya bega wakaifanya kwa mikanda ya usalama ya magari, na pindo kwa tyubu za baskeli. Leo watu wanayanunua kwa bei ambayo hapa ni mshahara. Malighafi zote tatu ziko Zanzibar, na mafundi wa kushona maturubai wapo. Turubai la PVC ni zito, na jua huligeuza kuwa gumu baada ya miaka, lakini halina ugonjwa ule wa kunata na kubanduka. Ukienda kwa fundi, mwambie kipande kimoja kianzie mbele, kipite chini, kisha kipandishwe mpaka mgongoni, ili sakafu isiwe na mshono hata mmoja. Mishono ibaki pembeni tu. Uzi uwe wa polista au nailoni, kwani wa pamba huoza kwa jasho. Pale mikanda inapoungana na begi ashone mraba wenye msalaba ndani yake, si mstari mmoja. Mdomo auache mrefu sentimita 20 zaidi ya unavyodhani unahitaji, ndiyo ya kukunja. Na kwa ajili ya kipimo mwachie kipande cha kadibodi kilichokatwa sawa na kompyuta yako; kompyuta yenyewe rudi nayo nyumbani.